Nyama ya Bwawani

Fundi seremala alikuwa mtu wa miraba minne, mtu wa kubeba mlango mzima begani huku akipiga soga. Mwaka ule alioishiwa damu, hata kusukuma randa kulimtoa jasho. Midomo ikampauka, akawa analala mchana kutwa. Hospitali walimpa vidonge. Vikamchafua tumbo, akaviacha.

"Basi ale maini, ale nyama," muuguzi alimwambia mkewe.

Mke akacheka kicheko kikavu. Karakana ilikuwa imefungwa, na cherehani yake peke yake ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Muuguzi akashusha sauti. "Bwawani kule juu kuna konokono wakubwa. Usinikunjie uso, dada. Nyama yao ina protini na madini ya chuma. Ila wa mtaro wa gereji usiwaguse, maana konokono anakula kila uchafu unaompitia. Waweke kwenye maji safi, uwe unawabadilishia, watoe matope. Aliyekufa mtupe. Toa matumbo yote, halafu wachemshe waive hasa, maana wana minyoo usiyoiona kwa macho."

Mume huyo alikuwa na kinyaa cha kupindukia. Unywele mmoja ukionekana kwenye sahani, sahani nzima ilirudi jikoni. Mke alijua kwamba akimwambia atakataa, na akikataa ataendelea kunyauka mbele ya macho yake. Kwa hiyo hakumwambia.

Ndoo aliificha nyuma ya mifuko ya vitambaa. Alibadilisha maji, akachagua, akachemsha mpaka dirisha likatoka jasho. Nyama akaikatakata vipande vidogo, akaiunga kwa vitunguu na nyanya.

"Nyama gani hii?" mume aliuliza.

"Firigisi," alijibu bila kugeuka.

"Leo umepika, mke wangu." Akaomba nyongeza.

Wiki zikapita, firigisi zikawa chakula cha nyumba. Rangi ikamrudia usoni, sauti ikapata uzito, na asubuhi moja mke akasikia msumeno ukikereza upande wa karakana. Akaegemea cherehani yake, akalia kwa furaha, kimya kimya.

Aliyeiona ndoo ni wifi yake, dada wa mume. Alikuja kupunguziwa sketi, akasogeza mfuko mmoja kutafuta pa kukaa, na mdomo wake haukuwahi kuwa na kufuli. Alimkuta kaka yake mezani, kijiko mkononi.

"Kaka," alisema, "firigisi zenu zinatembea."

Mume alikwenda nyuma ya mifuko, akatazama ndani ya ndoo. Akarudi akamtazama mkewe. "Ndizo hizi nilizokuwa nakula?"

"Ndizo. Lakini umepona."

Alitoka uani akatapika mpaka akabaki anakohoa tu.

Kesho yake mke alimsihi waende wote kwa muuguzi, akiamini kwamba mambo yakielezwa kitaalamu yatakwisha. Muuguzi akampima damu, ikawa imepanda vizuri. Akamweleza habari ya chuma na protini, na jinsi mkewe alivyojua kuwasafisha na kuwaivisha.

Mume alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sista, mimi sigombani na konokono," alisema. "Ningeambiwa, pengine ningekataa. Pengine ningeziba pua nikameza. Sasa sitajua. Huyu alikaa mbele yangu, nikamsifia mapishi yake, akawa ananitazama ninavyotafuna."

Muuguzi akajifanya anatafuta kalamu.

Njiani mke alisema, "Ungekufa."

"Hilo ungeniachia mimi."

Tangu siku hiyo akawa anakula kwa dada yake. Hakumpigia mkewe kelele wala hakumnyooshea mkono. Watu wa mtaani walimwona bado muungwana, na huenda alikuwa hivyo. Lakini mke akimtengea maji ya kunywa, aliyamwaga taratibu kwenye maua, akachota mwenyewe. Chakula mke angekivumilia. Maji yalimchoma. Naye wifi, kila walipokutana, alimuuliza habari za firigisi, akacheka peke yake.

Mwisho mke alichoka kujificha. Damu yake mwenyewe ilikuwa imeanza kupungua, kwa kushona bila kupumzika na kula mabaki. Akapanda bwawani mchana kweupe, akarudi na ndoo wazi mkononi. Majirani wakatazama mpaka wakashiba. Alipomaliza kazi yote ya kusafisha na kuchemsha, akaketi uani na sahani yake.

Mume akaingia kutoka kwa dada yake, akifuta mdomo.

"Karibu," mke alimwambia.

"Nimeshiba."

Akafungua bomba, akajaza kikombe, akanywa amesimama, amempa mgongo. Kisha akaingia ndani kulala. Mchuzi ulikuwa umepungua chumvi. Mke hakuinuka kuifuata; akala hivyo hivyo, mpaka sahani ikawa tupu.