Slaidi ya Babu

Babu hakuonyesha kitu. Mpimaji wa maabara alisogeza hadubini, akaongeza mwanga, akatazama tena. Bluu tupu.

Babu ni slaidi ya kuhakiki rangi, waliyoitengeneza hapo maabara kwa makohozi ya mzee mmoja aliyejaa vimelea vya kifua kikuu. Kila asubuhi hupakwa rangi pamoja na za wagonjwa na kusomwa ya kwanza. Vikitokea vijiti vyekundu, rangi ni nzima. Visipotokea, majibu yote ya siku hiyo hayafai. Lakini leo, roho mkononi, alikuwa ameanza na slaidi ya mumewe. Akaikuta safi, akampigia simu papo hapo.

Sasa alikaa akisubiri kulia, au kuogopa angalau. Hakusikia lolote, ganzi tu. Akaimwaga ile rangi iliyoharibika kwenye sinki.

Nyumbani alimkuta mumewe, seremala, mbele ya kioo, akijaribu koti lililompwaya tangu akonde. Mchungaji alishapita kumshukuru Mungu pamoja naye, na Jumapili seremala angetoa ushuhuda kanisani. Dawa alizifunga kwenye mfuko azirudishe kliniki. Aliyeponywa, alisema, hamezi vidonge kama anayemtilia Mungu shaka. Akakohoa, akacheka, akasema huo ni mkia tu, nyoka keshakufa.

Mkewe akamweleza habari za Babu. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Seremala akaketi kitandani na koti lake. "Kwa hiyo sijapona."

"Sijasema hivyo, baba watoto. Nasema sijui. Leo nisingeuona ugonjwa hata kama upo."

"Na maombi yetu je? Hayo yanapimwa kwa Babu yupi?"

Hilo mkewe hakuwahi kufundishwa. Alikuwa amefunga na kuomba naye, na bado aliamini, ila imani yenyewe leo haikumpasha moto hata kidogo.

"Ningekuwa siamini," alisema, "nisingeikimbilia slaidi yako kwanza."

Mumewe akauliza Jumapili atasimama aseme nini. Mkewe akaweka kikopo kipya cha makohozi kando ya Biblia, kwa ajili ya asubuhi. Akaufungua mfuko, akatoa vidonge vya leo, akamnyooshea kiganja.

Seremala alifumba macho. Mkewe hakujua kama anaomba au amechoka tu. Aliendelea kunyoosha mkono, na vidonge vikaanza kumwachia rangi kiganjani.