Bonde la Upande wa Ukutani

Saa tatu kasorobo asubuhi fundi wa magodoro alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua pamba, mkewe alipolala. Upande wa ukutani wa godoro ulishuka kwanza mahali pa nyonga, halafu bega, halafu magoti, maana mkewe alilala amejikunja, na shuka likafuata ule mshuko kama kila siku. Fundi akaondoa redio kitandani isije ikamsumbua, akarudi kwenye pamba yake.

Mkewe hakuwa chumbani. Alikuwa nchi nyingine, mwendo wa ndege mbili, mwaka wa pili sasa, akiwageuza na kuwaosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa zamu ya usiku. Akitoka kazini hulala, na akilala kule, godoro la huku hubonyea. Lilianza hivyo wiki ileile aliyoondoka. Fundi alidhani magodoro ya watu waliosafiri yote ndivyo yalivyo, hakumuuliza mtu.

Alichoangalia siku hizi ni kina. Mtu aliyeshona magodoro miaka thelathini hana haja ya mizani. Alibonyeza kidole gumba ukingoni mwa bonde, akajua. Mkewe aliondoka na kilo sabini na moja. Asubuhi hiyo alikuwa na sitini na mbili.

Jioni alimpigia simu kabla hajaingia zamu.

"Umepungua kilo tisa," alimwambia.

Mkewe akasema ni chakula cha kule.

"Chakula hakimtoi mtu nyonga."

"Fundi, wewe na hivyo vidole vyako," alisema mkewe, ndipo akaeleza. Kulikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali walikuwa tayari kuupasua, ila kwanza walitaka kujua nani atamwangalia nyumbani akishatoka, kwa sababu hawampasui mtu asiye na mtu. Yeye aliwajibu kwamba mume wake anakuja.

"Nakuja," fundi alisema.

"Isiwe nakuja ile unayowaambia wateja wako, godoro kesho, kesho, mpaka mtu anazoea kulala mkekani."

Maombi ya fundi ya kibali cha kumfuata mkewe yalikuwa yamekaa ofisini miezi kumi na minne. Hayakukataliwa. Yangekataliwa mtu angejua moja. Yalikuwa yanasubiri ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na kwa hilo alipewa karatasi yenye mambo kumi na matatu, iliyotungwa na watu ambao bila shaka kila mmoja wao alikwenda nyumbani jioni akamkuta mkewe.

Dirisha la pili la ofisi hiyo alikaa mama mmoja ambaye watu wa foleni walimbatiza Leta Kingine. Ulichompa alikipokea, akakigeuza huku na huku, akasema leta kingine. Cheti cha ndoa alikwisha kukiona. Cheti kinathibitisha kwamba mliingia, alieleza, hakithibitishi kwamba bado mmo. Picha ya harusi ilikuwa moja tu, na mpiga picha alimkata fundi kichwa, ikabaki suti imesimama kando ya bibi harusi anayecheka. Leta Kingine aliuliza suti hiyo ni ya nani. Fundi, mtu mkweli, akasema ni ya shemeji. Mama akaandika hivyohivyo.

Jambo la tisa lilikuwa watoto. Walizaliwa wawili, na hakuna aliyemaliza mwezi. Leta Kingine akataka vyeti vyao. Fundi akasema vyeti vilikuwa vikitolewa mtoto akishafikisha siku sitini, ndivyo ofisi ilivyotaka. Basi hatuwezi kuwahesabu, alisema yule mama, na sauti yake haikuwa mbaya.

Barua za mapenzi hawakuwa nazo. Miaka kumi na saba walilala chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, na mtu mnayegongana naye magoti humwandikii barua. Fundi akachapisha jumbe za simu badala yake, kurasa arobaini. Umefika? Nimefika. Umekula? Nimekula. Gesi imeisha. Nunua, usile baridi. Leta Kingine alizisoma zote kwa kalamu nyekundu. Haki yake apewe, hakuruka hata mstari.

"Mapenzi yako wapi hapa?" aliuliza.

Fundi akamwonyesha kwa kidole. Yalikuwa pale penye gesi.

Leta kingine, alisema.

Jumamosi hiyo shemeji alikuja, kaka yake mke, fundi wa baiskeli, mtu ambaye hata akila anaongea. Alikaa kitandani kama alivyozoea. Fundi akamwambia ainuke, alikuwa anamkalia dada yake. Shemeji akasogea, akaweka kiganja kwenye bonde.

"Yuko kiubavu," alisema. "Na amekonda." Akakitoa kiganja taratibu. Kisha akasema, "Sasa shemeji, unahangaika na picha zisizo na kichwa, na ushahidi umelala hapa?"

Jumatatu walilifunga godoro kwa kamba, wakalipakia kwenye mkokoteni. Askari wa mlangoni alilipitisha kwenye mashine ya kukagua mizigo. Lilikwama, wakalisukuma, likapita. Walilitandika kwenye korido mbele ya dirisha la pili, na saa tatu kasorobo mkewe akalala. Watu wa foleni walikunja miguu wasimkanyage. Leta Kingine alitoka kwenye dirisha lake, akatazama, akasema suala la vitu vikubwa si lake, ni la Mkubwa.

Mkubwa ndilo jina alilokuwa nalo pale. Hata mke wa Mkubwa mwenyewe akipiga simu ofisini humuulizia Mkubwa. Siku hiyo alikuwa kikaoni mpaka saa tisa, na mke wa fundi aliamka saa nane na nusu. Mkubwa akakuta godoro limejaa, tambarare, akasema haoni kitu. Siku ya pili alikuwa safarini. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye semina ya kuharakisha huduma. Ilichukua wiki tano bonde na Mkubwa kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na katika wiki hizo tano bonde lilipungua kutoka kilo sitini na mbili hadi hamsini na saba.

Siku alipoliona alichuchumaa, akalipima kwa rula.

"Hili ni la mtu mmoja," alisema. "Ndoa ni watu wawili."

Fundi akavua viatu, akalala upande wake. Bonde likajigeuza, likampa mgongo, likasogea kinyumenyume mpaka likamfikia, na alama mbili za visigino zikatokea dhidi ya mashavu ya miguu yake, kama miaka yote. Watu wa foleni wakatazama ukutani kwa adabu. Leta Kingine aliandika: mwombaji amelala.

"Nimeona," Mkubwa alisema. "Lakini nitajuaje ni yeye? Mpigie."

Fundi alisema mwenyewe ndiyo kwanza amepata usingizi. Mkubwa akangoja. Fundi akapiga. Simu iliita mara nne, na hapohapo bonde likatikisika, nyonga ikainuka, ikabaki alama ya kiwiko kimoja.

"Kuna nini, Fundi?" sauti ya mkewe ilikuwa nzito. "Umepata?"

Mkubwa aliichukua simu, akajitambulisha kwa cheo, akamuuliza hulala upande gani wa kitanda. Akajibu, upande wa ukutani, mwenzangu anawahi kuamka. Kisha akauliza kwa heshima kama sasa imetosha, kwa sababu hospitali wameisogeza tarehe mara mbili, na wamesema hawataisogeza tena, wataifuta. Mkubwa akamwambia maombi yake yanashughulikiwa, akarudisha simu. Alama ya kiwiko ilibaki muda kidogo, halafu bega likashuka tena.

Mkubwa alieleza kwamba haoni sababu ya kumshuku mtu. Shida ilikuwa faili. Ushahidi unaokuja saa tatu na kuondoka saa nane na nusu hauwezi kuwekwa kwenye faili, kwa sababu mkaguzi anaweza kuja saa tisa. Ungehitaji kuangaliwa kwa siku tisini. Godoro lingebaki hapo ofisini kama kielelezo.

Fundi alisema mkewe hana siku tisini.

"Ugonjwa hauthibitishi ndoa," Mkubwa alisema. "Hata wasioolewa wanaugua."

Hivyo mshona magodoro akawa analala chini. Kila asubuhi alipitia ofisini kabla ya kufungua karakana yake. Godoro waliliweka kwenye stoo ya karatasi, na Leta Kingine alipewa daftari la kuandika saa ya kubonyea na saa ya kujaa. Fundi alibonyeza kidole gumba, akataja kilo, mama yule akaandika. Hamsini na tano. Hamsini na moja. Arobaini na nane. Tarehe ya hospitali ilifika, ikapita, wakaifuta kama walivyosema. Mkewe aliacha zamu, akawa analala kutwa, anageukageuka, na katika daftari ikaandikwa: halitulii. Siku moja fundi alikuta bonde limefunikwa kwa sweta la buluu. Leta Kingine alisema ni kwa ajili ya vumbi. Stoo ile haikuwa na vumbi, aliifagia mwenyewe.

"Mwambie Mkubwa basi," fundi alimwomba. "Wewe unaona."

"Nimeandika kila kitu, baba. Mimi kazi yangu kuandika."

Alhamisi ya wiki ya tisa bonde lilikuwapo hata kabla ofisi haijafunguliwa. Fundi aliliangalia akiwa mlangoni, hakuingia upesi. Mkewe alikuwa amelala chali, miguu imenyooshwa, mikono ubavuni, na mkewe hakuwahi kulala chali hata alipokuwa na mimba. Aliinama akaweka kiganja. Kitambaa kilikuwa cha baridi, baridi ya jokofu, na kina umande.

"Kilo ngapi?" Leta Kingine aliuliza, kalamu tayari.

"Arobaini na moja," fundi alisema.

Simu ya kutoka nyumba ya wazee ilikuja saa nne. Walisema amefariki Jumatano mchana, wakasema alikuwa mfanyakazi mzuri, wakauliza nguo zake zitumwe wapi.

Fundi hakuondoka. Alikaa kwenye benchi ya korido kwa sababu hakukumbuka mahali pengine pa kwenda. Bonde lilikuwapo saa nne, likawapo saa sita, likawapo saa tisa na saa kumi na moja. Leta Kingine akaandika zote, ndiyo kazi yake. Ijumaa ikawa hivyohivyo, na Jumatatu. Jumanne Mkubwa alipitia daftari, akaridhika. Kwa mara ya kwanza ushahidi ulikuwapo saa zote za kazi, umetulia. Akamwita fundi, akampa mkono, akampa karatasi yenye muhuri.

"Hongera. Ndoa yenu imethibitishwa."

"Amekufa, Mkubwa."

Mkubwa aliuliza lini. Akaitazama tarehe ya muhuri, akahesabu kwa vidole, akaichukua karatasi taratibu kutoka mkononi mwa fundi. Alisema amesikitika sana, na alionekana amesikitika kweli. Kibali hicho ni cha kumfuata mwenza aliye hai. Kumfuata maiti kuna dirisha lake, dirisha la nne, na masharti yake ni mepesi kidogo. Itabidi tu athibitishe kwamba ndoa ilikuwa ya kweli.

Shemeji, ambaye safari hii alimsindikiza, aliuliza kama daftari la dirisha la pili haliwezi kupelekwa dirisha la nne, hatua kumi na mbili, yeye mwenyewe angelibeba. Mkubwa alisema madirisha hayaazimani vielelezo.

Dirisha la nne walimpa fundi karatasi. Ilikuwa na mambo kumi na matatu. Alirudi na picha ya suti, na kurasa arobaini za gesi imeisha.

Mwezi wa pili baada ya kifo bonde likabadilika. Likawa na pembe nne, kingo zimenyooka kama za meza. Fundi akatoa utepe wake akapima. Mabegani ilikuwa inchi kumi na nane. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba wamemzika, manispaa ya kule, bila kumngoja mtu, na kwamba sanduku lilikuwa dogo, amebanwa. Mkewe alikuwa mwanamke wa inchi ishirini hata alipokonda. Alimwambia Leta Kingine, naye akaandika pembe nne, inchi kumi na nane, halafu akakaa muda mrefu na kalamu mkononi, foleni ikisubiri.

Godoro halikurudishwa. Kielelezo hakirudishwi mpaka shauri lifungwe, na shauri halifungwi mpaka dirisha la nne lijibu. Ila Mkubwa alipandishwa cheo kwa kugundua aina mpya ya ushahidi, na mwaka uliofuata karatasi ya masharti ilichapishwa upya. Jambo la kumi na nne: godoro, lenye bonde linaloonekana saa za kazi.

Kazi ya fundi ikaongezeka. Walimjia wake za mabaharia, waume wa wauguzi, vijana waliofunga ndoa wiki mbili kabla ya safari. Siku moja alikuja binti ambaye mumewe alikuwa akifunga nyaya katika nchi ileile, akataka la futi tano kwa sita. Aliuliza bonde huchukua muda gani kutokea. Alisema ana mimba ya miezi minne na angependa mtoto azaliwe baba yake akiwapo.

Fundi alilamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu la shazia.

"Bonde halichelewi, mwanangu," alisema. "Wanaochelewa ni wao."

Binti akachagua kitambaa cha mistari ya buluu. Akaomba na risiti, kwa kuwa risiti ndilo jambo la sita.