Ezron Hakutoweka

Atuganile alilisoma tangazo akiwa amesimama mlangoni kwake, mikono ina tope la shambani. Lilikuwa limeandikwa na Mzee Jotham, mzee wa kanisa, na kesho yake lingesomwa kwenye ibada ya kumwombea mwanawe, Ezron. Alipofika paliposema "alitoweka pamoja na meli katika mazingira ya kutatanisha," akamrudishia Jotham karatasi.

"Andika upya."

"Mama Ezron, hayo ndiyo maneno ya barua ya wenye meli."

"Ndiyo maana nasema andika upya."

Jotham ni mtu mwema, lakini tangu anunuliwe simu kubwa amekuwa profesa wa bahari. Akaketi kibarazani, akaanza. Kuna bahari, alisema, ambako dira zinachanganyikiwa. Meli zinakutwa zinaelea, chakula kingali mezani, watu hakuna. Ndege zinaingia kwenye wingu zisitoke. Wengine wanasema mashetani, wengine gesi inayochemka chini ya maji, wengine mawimbi marefu kuliko mnara wa kanisa.

"Lisemwalo lipo, mama. Wataalamu wenyewe wamenyoosha mikono."

Atuganile alimsikiliza mpaka mwisho, maana mgeni ni mgeni. Miezi saba watu walikuwa wakimletea hadithi hizo, eti kumfariji. Nani amewahi kufarijiwa kwa mashetani? Mwanawe alikuwa fundi wa mitambo melini, si hadithi.

"Unaikumbuka kona ya Ikuti?" akauliza.

Jotham akainamisha uso. Mwaka ule malori matatu ya chai yalitumbukia bondeni pale pale, na kijiji kizima kikakubaliana kwamba kona ina jini. Watu walifunga siku tatu, wakaenda kuikemea, na aliyeongoza maombi ni Jotham mwenyewe. Ezron, wakati huo akijifunza ufundi gereji ya Tukuyu, alishuka bondeni akarudi na breki za lori la tatu, akazimwaga mbele ya watu. Zilikuwa zimekwisha, zimebaki chuma kitupu. Malori yalipoanza kukaguliwa, jini likahama lenyewe.

"Kona haikuwa na jini," Atuganile alisema. "Ilikuwa na tajiri asiyetaka kununua breki. Na huko baharini ni vilevile."

Akaingia ndani, akatoka na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza ujumbe wa mwisho. Sauti ya Ezron ikasikika.

"Shikamoo mama. Tumeng'oa nanga. Pampu mbili zimekufa na maji yanaingia chini. Nimemwambia kapteni, naye amewaambia wenye meli. Wamesema twende hivyo hivyo. Uniombee."

"Siku mbili baadaye meli haikuonekana tena," Atuganile alisema. "Haya, nionyeshe kinachotatanisha hapo."

Jotham akaikunjua karatasi. "Na wenye meli wakisikia tumesema hivyo?"

"Nataka wasikie."

Jotham akachukua kalamu.

Kesho yake watu wa vijiji vya Kinyala na Masukulu walijaa mpaka nje ya kanisa. Jotham alisoma kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi: "Ndugu yetu Ezron alizama na meli iliyojulikana kuwa mbovu. Alisema. Hakusikilizwa."

Atuganile akainuka kutoka benchi la mbele.

"Soma tena, tata Jotham. Walioko nje hawajasikia."

Jotham akasafisha koo, akasoma tena, safari hii kwa sauti ile aliyoitumia kuikemea kona.