Mbuzi Aliyetengwa

Kiharusi kilipompitia Mzee Bucha kilikuwa na adabu za mwizi mzoefu. Kiliingia watu wamelala, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote ya mdomoni, kikamwachia neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "ndiyo".

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani kwa kazi yake ya kushona, alilia wiki mbili, kisha akaona hata machozi yana mwisho. "Miaka thelathini na minane nimeomba mume wa kunikubalia," aliwaambia wateja huku akikanyaga pedeli. "Nimepewa. Ubaya wake anamkubalia na muuza mafuta ya nywele." Maana ukimuuliza Mzee Bucha kama amelala vizuri, ndiyo. Kama hakulala kabisa, ndiyo. Kama anataka chai, ndiyo. Chai ikija, anaisukuma. Ukimpa kalamu aandike, anachora mikwaruzo ya kuku.

Mzee huyu alikuwa na bucha kwa miaka thelathini na mitano, na mkono uliokufa ndio ule wa kisu. Sasa alihamishiwa chumba cha nyuma, karibu na choo, asije akajikwaa. Daktari alikataza mafuta, chumvi na sahani zilizojazwa mpaka kilima, kwa hiyo mkewe alimpimia uji nusu bakuli, na maji glasi kubwa. Mzee aliliangalia bakuli, akamwangalia mkewe, akarudi kwenye bakuli.

"Usinitolee macho, baba," mkewe alisema. "Mwenye amri ni daktari."

Shauri la gemu lilitoka kwa dada wa mazoezi, aliyekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha viungo. Mkono wa kushoto ukipata kazi, alisema, na kichwa kinaamka. Binti yao aliye mbali akatuma tableti, na ndani ya tableti mlikuwa na dunia nzima tupu: nyasi, mawe, mito, jua linalozama kila baada ya dakika kumi, na wanyama wasio na mwenyewe. Hakuna wa kukuambia ufanye nini. Ukitaka jenga, ukitaka chimba, ukitaka kaa tu.

Mzee Bucha alifuga. Siku ya kwanza yule mtu wake wa ndani ya kioo alishika ngano mkononi, na mbuzi wawili wakamfuata kama watoto wanaomfuata muuza barafu. Akawazungushia uzio. Akampa jike ngano, akampa dume ngano, mioyo midogo myekundu ikapanda juu ya vichwa vyao, na kufumba na kufumbua kitoto kimesimama katikati.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema Mama Cherehani, ambaye binti yake alimtesa siku mbili na nusu kabla ya kutoka.

Baada ya wiki tatu zizi lilikuwa na mbuzi arobaini. Mzee alizalisha weupe kwa weupe, wenye pembe kwa wenye pembe, na aliyezidi alichinjwa: mapigo mawili ya panga, moshi kidogo, na vipande vya nyama chini, vimekatika vizuri kuliko alivyokuwa akikata yeye na mikono miwili.

Kisha akaanza kuwapa majina. Sentensi ilimshinda, lakini jina moja, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja na nusu saa ya kuhema, alilipata, nalo likaelea juu ya kichwa cha mnyama. Wa kwanza alikuwa dume mwenye kitambi: MWENYE NYUMBA. Mzee alimtenga katika kibanda kimoja, na kesho yake akamchinja. Mama Cherehani alicheka mpaka akajishika ubavu. Siku tatu baadaye mwenye nyumba wao alianguka kwenye ngazi akikagua paa, akavunjika mguu.

Wa pili alikuwa SHEMEJI. Shemeji huyo ni mdogo wake Mama Cherehani, ambaye miaka yote alipita buchani kuchukua ini "la kuonja". Mbuzi akatengwa, akachinjwa. Wiki haikuisha, simu ikalia: mdogo wake yuko hospitali, amepasuliwa kidole tumbo.

Mama Cherehani aliacha kucheka.

Asubuhi moja alipopeleka uji, alichungulia kioo juu ya bega la mumewe. Mbuzi jike mweupe, mnene, amesimama peke yake katika chumba cha mawe chenye mlango wa chuma. Juu ya kichwa chake: MAMA CHEREHANI.

Uji ukamwagikia kidole, na hakusikia moto. Mke wa mwenye bucha haambiwi mambo haya. Mnyama wa kesho hutengwa leo. Hutolewa kundini, akawekwa peke yake, akapewa maji bila chakula, ili tumbo liwe jepesi na nyama iwe safi.

Alimuuliza mumewe swali moja, akapata jibu, akaenda moja kwa moja kwa msusi, jirani yao wa mlango wa pili, aliyekuwa akimsuka mteja kibarazani.

"Mbuzi tu huyo," msusi alisema. "Mbuzi wa kwenye kioo."

"Na mguu wa mwenye nyumba ni wa kwenye kioo?"

"Mwenye nyumba ana kilo mia na kumi na ngazi yake ina mchwa. Si umuulize mumeo?"

"Nimemuuliza. Nimemwambia, baba, unataka kunichinja? Akasema ndiyo."

Msusi alicheka mpaka akaangusha kitana. "Lakini shoga, si ndilo neno lake?"

"Ndilo. Ila amelisema akiniangalia."

"Na ukimuuliza kama anakupenda?"

"Ndiyo vilevile. Rangi ile ile, urefu ule ule. Mimi nashona, kupima najua."

Siku ile alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia. Sindano ilimchoma mara tatu. Kila moyo ulipopiga kwa nguvu alijiambia, ndio huu, umeanza. Akajikuta anahesabu makosa: ile siku aliyomwita mumewe gogo mbele ya wageni, ule mwaka aliouza redio yake. Mtu anaweza kunyamaza na jambo miaka ishirini, akilifuga, akilinenepesha.

Saa nane mchana Mzee Bucha alisinzia kitini, mdomo wazi, tableti mapajani. Mama Cherehani aliingia kwa ncha za vidole, akaichukua, akakaa kitandani akiipa mgongo ile sura iliyolala. Alikuwa na nia moja: amfungulie yule mbuzi, aende zake porini, jina likapotelee huko.

Alibonyeza hapa na pale mpaka mlango wa chuma ukafunguka. Mbuzi akatoka, akasimama nyasini, akatazama huku na huku kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Nenda," Mama Cherehani alinong'ona. "Nenda, mwanamke mwenzangu."

Mbuzi akaenda. Na jua la mle ndani, lisilo na subira, likaanza kuzama. Nyasi zikawa za kijivu, kisha nyeusi. Mbali, kwenye miti, macho mawili yakawaka, halafu mengine mawili. Mbwa mwitu.

Hakuwa amefikiria usiku wa humo. Alimkimbiza mbuzi arudi, mbuzi akakimbilia upande wa macho yale. Akabonyeza alama ya mkono, akidhani atamshika, na mkono ule ukainua panga. Pigo moja. Mbuzi akang'aa mwekundu mwili mzima, akalia, akaruka pembeni. Mama Cherehani alijishika ubavu wake mwenyewe, na aliapa baadaye kwamba uliuma.

"Nimejichinja mwenyewe," alisema. Vidole vilikuwa baridi kama samaki. Mbwa mwitu walikuwa watano sasa, na wa mbele alikuwa ameanza kukimbia.

Kivuli kikaanguka juu ya kioo. Mzee Bucha alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo yake, na mkewe hakuwa amesikia hata hatua moja. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua tableti. Mama Cherehani aliliona lile panga likiwa tayari mkononi mwa yule mtu wa kioo. Akafumba macho. Akasubiri.

Panga halikushuka. Alipofungua jicho moja, mkononi mwa yule mtu mlikuwa na ngano. Mbuzi aliinua kichwa, akageuka, akaja. Mtu akarudi kinyumenyume gizani, hatua kwa hatua, mbuzi pua kwenye ngano, mbwa mwitu nyuma ya mkia, mpaka ndani ya mawe. Mlango ukafungwa. Nje, wale watano wakabaki wakizunguka.

Kisha mzee akamlisha mbuzi. Ngano. Akampa tena. Akampa fungu la tatu, na la nne, na moyo mwekundu ukapanda.

Hapo ndipo akili ilipomrudia Mama Cherehani. Miaka thelathini na mitano ya bucha, hakuwahi kumwona mtu huyu akimlisha mnyama wa kuchinjwa kesho. Hata konzi moja ya majani.

"Chumba hiki ni cha kumficha asiliwe na mbwa mwitu?"

"Ndiyo."

"Na mwenye nyumba je? Ulikusudia?"

"Ndiyo," alisema mzee, na ile pembe ya mdomo inayofanya kazi ikapanda juu.

Mama Cherehani alicheka, akacheka, akajifuta macho kwa ukingo wa shuka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu mumewe hakuwa akimtazama mbuzi. Alikuwa akilitazama bakuli kwenye stuli, lile la nusu, tupu tangu asubuhi, na glasi kubwa ya maji kando yake. Akautazama mlango. Akamtazama yeye.

Chumba cha nyuma. Peke yake. Maji mengi, chakula kiduchu.

"Baba," alisema polepole. "Wiki zote hizi umekaa humu ukidhani zamu yako ni kesho?"

"Ndiyo."

Ndiyo ile ile, urefu ule ule. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshika upindo wa gauni lake, haukuachia, na safari hii Mama Cherehani hakuhitaji futi ya kupimia.

Jioni msusi alisikia cherehani ikiburutwa sakafuni kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma, ikafuatiwa na kitanda, na matusi madogo madogo ya mtu aliyejigonga kidole cha mguu. Baadaye ikaja harufu ya viazi na boga na maharage. Mama Cherehani alijaza sahani ikawa kilima. Mafuta hakutia, na chumvi hakugusa, kwa kuwa alimwogopa daktari bado, ingawa si kama alivyoogopa mchana ule.

"Chumvi imekolea?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mwongo wewe," akasema, na akampa kijiko kingine.