Mustari wa Heshima

Mashini yangu ya sauti nilijitengenezeaka miye mwenyewe, mu sanduku ya maziwa ya poda. Mikro ine, bafle mbili. Mu programu, kila njia ilikuwa na mustari yake: sauti ya mikro hii iende ku bafle ile. Mistari munane, kazi imekwisha, bia. Ndoa yote ya Katuba, kwetu Lubumbashi, banaita miye, Gauthier.

Kisha Goma ikaanguka. Kahambu, mwenye anauzishaka maharagi kwa jumla, alikuwa karibu kuolewa na Gradi, kijana wetu wa Katuba. Jamaa yake yote ikakimbia vita, ikafika Lubumbashi na ndege, na kamiyo, na miguu: korali tatu na bajomba kumi na mbili. Mama yake tu njo alibakia kwabo, kule Lubero. Atabariki ku telefone.

Mujomba yao Jérémie, murefu sawa poto ya kura, nguzo ya umeme, akakuya kwangu.

— Papa Gauthier, mikro makumi mbili na ine, na ile ya jikoni na ya telefone ndani. Bafle na casque za masikio, vyote kumi. Na usikie muzuri: kama Gradi hajibu mama «Amina», bibi-arusi tunarudi naye.

Nikahesabu: mistari mia mbili na makumi ine! Na ndoa iko samedi hii! Pale akili ikakuya: niandike kwa jamaa, hapana kwa mikro. «Upande wa bibi isikilikane kwa bote.» «Korali isijisikie yenyewe.» Kila mikro na kila casque, nikaandika tu jina na jamaa ya mwenyewe. Mistari sita tu. Nikacheka peke yangu sawa mbuzi. Na juu niko muntu wa heshima, nikaongeza ya saba: «Mama-mukwe asisikilikane kwa muko wake.» Kwetu, muko, bwana wa binti, hasikilizake kinywa ya mama-mukwe. Miye na wangu, Mama Numbi, mukubwa wa jikoni ya ile ndoa, ni myaka kumi na munane: yee akipita ku barabara, miye naingia mu mufereji.

Samedi, salle ya ndoa ikajaa. Gradi anapasulaka majibwe ku mine na baruti, masikio yake ilibakiaka kule, bafle ya salle hasikie. Nikamuvalisha casque ya kufunika masikio. Na ile costume, alikuwa sawa pilote. Kahambu alikaa ngambo, katikati ya bajomba.

Sauti ya mama ikatoka Lubero, ikajaza salle:

— Gradi mutoto wangu, utamuchunga Kahambu?

Gradi anakunywa sucré.

— Gradi?

Gradi anachekea gâteau ya sukari.

Bajomba bakasimama. Jérémie akaanza kuvua veste. Kahambu, machozi ikashusha poudre yote ya uso.

— Hanitaki! Mbele ya mama!

Bibi yangu Julienne akanipiga kofi ku mugongo.

— Gauthier, yee hasikie! Uliandika nini mule?

— Heshima.

— Toa heshima!

— Yote?

— Network inaenda kufa! Toa!

Nikafuta mustari ya saba: nilifikiri mama-mukwe wangu tu, nikasahau huyu wa Gradi.

— ...nauliza mara ya mwisho, — mama akasema, sauti inakatika-katika. — Gradi, utamuchunga?

Gradi akaruka sawa baruti imepasuka chini ya kiti.

— AMINA MAMA!

Na juu hakujua alikosa ngapi, akaongeza kumi ingine. Mama akacheka kule Lubero, akasema «Mungu abachunge», network ikakufa. Jérémie akavaa veste. Mpundu, vigelegele ya bamama, ikapasua salle.

Nikavaa casque yangu, ile inasikiaka mikro yote, niangalie kama iko sawa. Lakini ule mustari niliandika «mama-mukwe» tu, sikuandika wa nani. Sauti moja ikatoka jikoni, ikaingia mu sikio yangu, karibu-karibu:

— Eh, muko wangu wa mashini amekonda! Julienne anamupatiaka bukari ya kushiba kweli?

Nikatafuta mufereji. Mu salle, hakuna.