Ukucha Kwenye Mstari

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole. Baba akimimina chai alikuwa anaingiza kidole kikombeni, chai ikimgusa ndipo anaacha. Nikadhani anapima moto. Baadaye akaacha penseli, akawa anachora mbao kwa ncha ya kisu. "Penseli ni ya wanafunzi," alisema, na mimi niliyeishia darasa la tano nikacheka naye. Halafu siku moja akaniita kwa sauti kubwa, nami nimesimama mbele yake.

Kazi yangu karakanani ni msasa na gundi, si maneno. Baba akitoka, huwa nachonga nakshi kwenye vipande vya mabaki, kisha navificha chini ya maranda.

Ndipo likaja kasha. La kale, zito, limeunganishwa kwa vigingi vya mti. Kifuniko chake ni ubao mmoja mpana, ukingo wote umezungushiwa nakshi ya mnyororo. Pembe mbili zililiwa na dumuzi. Baba alikata sehemu mbovu, akatia viraka. Ikabaki kuchonga mnyororo juu ya viraka ukutane na ule wa zamani. Patasi ikikosea njia, ingefuata nyuzi za mti na kupasua kifuniko kizima, na ubao kama ule haupatikani tena.

Baba alipapasa nakshi. "Aliyechonga hili alitumia mkono wa kushoto. Mikato yote inalalia huku. Nikichonga kwa wa kulia, kiraka kitapiga kelele." Akahamishia patasi mkono wa kushoto.

Mwenye kasha, mama mmoja wa sauti nene, alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama.

"Taratibu, fundi. Kasha hilo limezika waume watatu wa bibi yangu."

"Mimi si mume wake. Nitapona."

"Haya. Aliyenipasulia kabati nilimtangaza mtaa kwa mtaa. Sasa hivi anauza mkaa."

Baba akacheka. Mimi sikucheka, maana patasi haikuwa kwenye mstari aliouchora kwa kisu. Ilikuwa imekaa kando, ndani ya ufa mwembamba wa zamani. Na nyundo ilikuwa inapanda.

Ningepiga kelele, yule mama angejua, na kufika jioni wangejua wote. Nikinyamaza, kasha limekwenda. Nikanyoosha mkono, nikasimamisha ukucha wa kidole gumba kwenye mstari.

Patasi ikagusa ukucha. Baba akaganda, nyundo hewani. Nilisikia pumzi yake. Kisha akaisogeza patasi polepole mpaka ikaegemea ukucha wangu, akagonga. Nikasogeza ukucha. Akagonga.

"Wewe binti, utakatwa kidole!" mama akasema.

"Mwache," alijibu baba. "Ananipangusia vumbi."

Hapo nikajua kwamba amejua kuwa najua.

Tulikwenda hivyo hadi mwisho wa pembe ya kwanza, ukucha, nyundo, ukucha, nyundo. Kuna mara patasi ilinipata. Niliuma meno, sikuutoa mkono. Mama akainama, akapapasa ukingo wa pembe hiyo.

"Kiraka kiko wapi?"

"Kitafute," baba akasema.

Mama akatoka nje anacheka, kumpigia simu dada yake. Baba akakishika kidole changu, akasikia damu.

"Vumbi limekuwa jingi leo."

"Ndiyo, baba."

Akakifunga kwa kitambaa. Kisha akageukia pembe ya pili. Pale mnyororo unajikunja kuzunguka ua, mikato midogo inayopinda kama kucha za paka. Ukucha huonyesha mstari ulionyooka, hauwezi kuonyesha ua. Yeye alilijua hilo kuliko mimi, na bado alikuwa anapapasa kutafuta nyundo. Ilikuwa karibu na kiwiko chake. Mkono wake ukaipita mara mbili.

Nje, mama alikuwa anaagana na dada yake kwenye simu.

Nikaishika nyundo kabla yake.

"Baba, huoni. Nimejua tangu ile chai. Nipe patasi."