Meza Isiyohesabiwa

"Mguu wa meza yako iko mu jiko yangu, Baba Régine," alisema Mama Zabibu, mikono kiunoni. "Jana ilikuwa mu ukuta. Leo iko kando ya mbabula, inaota moto. Kesho itaingia mu kitanda, na bwana yangu Amadi atauliza ni ya nani."

Stanislas, baba yake Régine, alijibu kwamba meza haikuwa na nia mbaya. Mama Zabibu akasema hata mbuzi anayekula mboga za jirani hana nia mbaya. Alete msumeno, akate. Wapita njia wa Kamalondo walisimama, wakasikiliza, wakaona ni ugomvi wa mpaka kama ugomvi mwingine, wakaenda zao.

Msumeno wenyewe ulikuwa wa Amadi, seremala. Stanislas alikuwa karani wa ghala karibu na stesheni. Mikono yake ilizoea kalamu, na kabla ya mwezi ule hakuwahi kupiga hata msumari. Lakini alikuwa ameomba kadi, ile ambayo serikali ya Wazungu huwapa Waafrika iliowaona wamestaarabika. Mwenye kadi hachapwi fimbo. Na Stanislas, mtu mzima, msomi wa misheni, alikuwa amechapwa nane mbele ya wapagazi kwa kosa la kukaa kwenye kiti wakati bwana mkubwa wa Kizungu amesimama. Sasa mabwana haohao, kabla ya kutoa kadi, walitaka kuhakikisha kwamba nyumbani kwake watu wanakaa kwenye viti na kula mezani.

Basi alinunua mbao za mulombwa, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, akaanza kazi uani. Randa ilimchuna vidole. Mguu mmoja ulitoka mfupi. Akakata mitatu mingine ilingane nao, ikawa mifupi zaidi, akarudi kuukata ule wa kwanza. Amadi, aliyekuwa akimtazama kwa uchungu wa fundi, alimwuliza swali moja tu: meza ya watu wangapi?

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwao Mitwaba walaji hawahesabiwi. Ukiwahesabu, mmoja atapungua, na humjui ni nani. Stanislas akasema, "Ya wenye watakula." Amadi akatikisa kichwa. Mbao zisizopewa kipimo hujitafutia, alisema, na akamsaidia kugongomea.

Jumapili walikula watu wa nyumbani, na meza ikawatosha. Jumatatu shemeji Rigobert alishuka kwenye lori kutoka Mitwaba, yeye na mkewe na wanawe, na meza ikarefuka dhiraa tatu. Jumanne walikuja wale waliosikia kwamba Rigobert amekuja. Meza ilipofika ukutani, ukuta uliipisha bila kumwaga vumbi. Agnès, mke wa Stanislas, alilalamikia jambo moja tu: kitambaa cha meza kilikuwa hakitoshi tena.

Mzungu wa tume ya kadi alikuja Alhamisi. Alifungua kabati, akanusa choo, akainua shuka za watoto mbele ya mama yao. Kisha akawahesabu walaji kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti: kumi na saba. Agnès alimfunika Régine masikio, lakini hesabu ilikuwa imekwisha toka. Mzungu akapima meza kwa utepe hadi ukutani, akatoka nje, akabisha kwa Mama Zabibu na kuendelea kupima hadi mwisho wake. Aliporudi aliomba kiti ili aandike. Meza ikarefuka kidogo, nafasi ya mtu mmoja, naye akaweka viwiko vyake. Papo hapo, juu ya nafasi aliyopewa, akaandika kwamba mwombaji ana meza, lakini ni meza ya ukoo, si ya familia. Mtu aliyestaarabika hali chakula na kijiji kizima. Arudi kuomba baada ya miaka miwili. Akashukuru kwa maji ya kunywa, akaenda.

Ijumaa, ghalani, Stanislas alichapwa kumi: nane kwa kuegemea meza ya ofisi, mbili kwa kujidai.

Alirudi jioni bila kusalimu mtu. Nyumbani watu walikwisha kaa kula, kumi na sita, na nafasi moja, yake, ilikuwa wazi. Akachukua msumeno, akasimama pale meza inapoingia ukutani, akaanza kukata. Mulombwa ukatoa utomvu wake mwekundu, ukamchuruzika viganjani. Shemeji zake wakasogeza sahani kidogo.

"Baba Régine," sauti ya Mama Zabibu ilitoka upande wa pili, "unafanya nini na musumeno ya bwana yangu?"

"Ninakata. Si weye ulisema nikate?"

"Ile ilikuwa ya juzi. Leo nimeweka sufuria ya sombe na samaki ya Pweto juu yake. Ukikata, itaanguka mu makala ya moto."

Msumeno ulisimama.

"Walinipiga tena, Mama Zabibu."

"Tulisikia. Njia muzima ilisikia."

"Kadi hawatanipa. Hata nikate hii meza ibakie kama kigoda, hawatanipa."

"Hawatakupa," alikubali Mama Zabibu, na kijiko chake kikasikika kikikwangua sufuria ya ugali. "Sasa weka ile musumeno chini, zunguka, upite ku mulango yangu. Kama kukaa inauma, utakula wima. Ingia, baba. Bukari inapoa."